Mwaka Ambao Kandida Aliniharibia Hadithi

Tulimzika Desideri kule Lupiro, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka Kandida alipoanza kuisimulia hadithi ile tena, tena kwa makosa yale yale. Nilikuwa nimezunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikamkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya akina mama waliokuwa wakipakua wali wa msibani, mwiko mkononi, akiwaambia wajukuu wa marehemu kwamba babu yao aliwahi kugeuzwa sheshe, wale swala wekundu wa mbugani, na mwalimu mmoja aliyekaa Mlabani. "Mwalimu mwenyewe ndiye huyu," akasema aliponiona, bila hata kushtuka, kana kwamba tuliachana asubuhi ile na si miaka mingi iliyopita. "Alikuwa kitandani, hawezi kufa, hawezi kupona." Nikamwambia nilikuwa nimevunjika mguu tu. "Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akaendelea. Watoto wakanitazama kwa woga, mmoja akasogea nyuma ya sufuria. Mimi sasa ni mtu mzima ninayekaribia kustaafu ualimu, nimeandika hadithi za ajabu zisizopungua kabati moja, baadhi zimechapwa, na bado Kandida akishika mwiko mimi ni mhusika wake tu. Ndiyo maana nimeamua kuuandika mwaka ule mwenyewe, kama ulivyokuwa. Habari za ukoo wangu nitaziacha. Hazihusiki, na wanaozijua wananitosha.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Chita. Nilianguka na baiskeli kwenye tuta la shamba la mpunga, mvua ikinyesha, nikavunjika chini ya goti. Nililetwa Ifakara, mguu ukafungwa hogo, plasta nyeupe ngumu, kuanzia pajani, nikaambiwa nisiende mbali na hospitali kwa sababu mfupa ule ulikuwa mkaidi. Kandida, niliyesoma naye sekondari, alikuwa amepanga chumba Mlabani kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyeitwa Baba Alfonsi. Akanichukua. Hakuniuliza kama nataka. Alinipakia kwenye toroli la kubebea mpunga, akanisukuma mtaani huku akisalimiana na kila mtu. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati la vyombo, gunia la mchele lililokaa kona kama mgeni wa tatu, na dirisha la nondo lisilo na kioo. Chini ya dirisha hilo, upande wa barabarani, ndipo Kandida alipokuwa na banda lake la mamalishe: turubai, mabenchi, majiko ya mkaa. Kila alichokikaanga kiliingia chumbani kwanza kikiwa moshi. Na kila kilichosemwa pale nje kiliingia pia. Nililala pale mvua zote za mwaka ule, siwezi kugeuka bila kushika ukuta, nikisikiliza watu nisiowaona wakila perege na kulaumiana.

Hapo lazima niseme kwamba niliwahi kuwa mwandishi, nikaacha. Tangu sekondari nilikuwa naandika mambo ya nchi zisizokuwepo, na Kandida ndiye aliyekuwa msomaji wangu, kama kusikiliza huku unasuka nywele ni kusoma. Kisha nikaenda chuo cha ualimu. Huko mkufunzi mmoja alichukua hadithi yangu akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza mtoto mchanga, halafu akauliza, "Sasa, mwalimu mtarajiwa, huyu korongo anayevaa taji atamsaidia nani kulima?" Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu ukiwa umesimama mbele ya watu wanaocheka huna pa kuweka uso. Jioni nikayatumbukiza makaratasi yote chooni, na kwa miaka mingi sikuandika kitu zaidi ya maandalio ya masomo. Sikuona kama nimefiwa. Nilijiona nimekua. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka: jinsi nilivyojisifu kwa kuacha.

Kilichonirudisha ni kuchoka na dari. Nilimwomba Kandida karatasi, akaniletea zile alizokuwa akifungia vitumbua, mitihani ya zamani ya shule fulani iliyochapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe. Nikaanza kuandika nikiwa nimelaza ubao wa kukatia mboga juu ya hogo. Korongo yule yule alirudi, na taji lake, kana kwamba alikuwa amesimama mahali kwa mguu mmoja akinisubiri. Chini ya maji ya mafuriko ya Kilombero, niliandika, kuna nchi ya Malkia Korongo, anayedonoa majina ya watu kama wengine wanavyodonoa samaki. Ukidonolewa jina, ndugu zako wanakusahau, nawe unaota manyoya mekundu, unakuwa sheshe. Mama yake msichana aitwaye Limota amedonolewa. Limota anashuka majini kulirudisha jina la mama yake. Jioni, Kandida akiisha kuosha vyombo, tulikula kilichobaki, ukoko wa wali na mboga ya majani ya kunde, nami nikamsomea. Alisikiliza mdomo wazi. Nikafikiri nimempata msomaji wangu tena. Kumbe nilikuwa namjazia debe.

Kesho yake mchana nikasikia sauti yake dirishani, juu ya mlio wa mafuta. "Basi Limota akafika kwenye lango la maji, akamkuta mwana wa mfalme wa kambale, kijana mtanashati, masharubu mpaka hapa."

"Masharubu lazima," akasema mteja mmoja. "Si kambale?"

"Kandida!" nikapiga kelele. "Hakuna mwana wa mfalme!"

Kijiko kikagonga sahani. "Nani huyo?" mtu akauliza.

"Mgonjwa wangu," Kandida akasema. "Kula, wali unapoa."

Ndivyo tulivyoishi tangu siku ile. Nilimsomea jioni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumsomea, na mchana nikalala pale nikisikiliza kazi yangu ikichinjwa. Limota aliposwa. Limota akapata mama mkwe, chura mmoja mchoyo anayehesabu vipande vya nyama. Asubuhi moja karani wa mahakama, mtu wa heshima kabisa, alisogeza uso kwenye nondo akaniambia, "Habari za kuumwa, mwalimu? Samahani, yule chura alikubali posa au bado?" Nikamwambia hakuna chura. Akasema, "Aa, kwa hiyo alikataa," akaondoka ameridhika. Nilipomkabili Kandida, alinijibu huku akichambua mchele. "Wewe umemwacha binti gizani peke yake kurasa nzima anafikiri. Mtu amekuja kula, anarudi kazini, unampa binti anayefikiri?" Nikamwambia kufikiri ndiko kulikokuwa hadithi yenyewe. "Basi mimi nimempa wa kufikiri naye," akasema. Watu huniuliza siku hizi nilirudije kwenye uandishi, na naona machoni kwamba wanangoja niseme wito, au ndoto, au Mungu. Ilikuwa hasira. Niliandika haraka ili nimtangulie, niyaandike mambo kabla hajayaharibu, nikageuza mitihani ya watu upande wa pili mpaka fungu zima likaisha akaniletea jingine.

Desideri alikuwa mvuvi wa Lupiro, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyevuka kwa pantoni na tenga la samaki nyuma ya baiskeli, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa. Kandida alikuwa mteja wake. Siku moja alimletea kambale wazuri juu na waliolegea chini. Kandida hakugombana naye. Alingoja mchana, banda likiwa limejaa, akasema, "Malkia Korongo akaruka ng'ambo ya mto mpaka Lupiro. Akamkuta mvuvi mmoja, jina lake Desideri, anapanga samaki wabovu chini, wazima juu. Akamdonoa! Desideri akabaki anatafuna majani, anapiga kwato, hajui hata bei ya perege." Watu walicheka mpaka benchi likalia. Hata mimi nilicheka, kabla sijakumbuka kukasirika. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshavuka kurudi kwao. Na baada ya siku ile hakuonekana tena.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, mto umepanda, wavuvi wengi walikuwa wamekwama. Kisha baiskeli yake ikaonekana imeegemezwa penye pantoni bila mwenyewe. Kisha mtu akasema ameona sheshe mmoja amesimama peke yake kwenye kisiwa cha nyasi, anatazama mitumbwi kama anayemtafuta mtu anayemjua. Nilikuwa nimezoea vicheko dirishani. Sasa yakaja manong'ono, na manong'ono hayapiti vizuri kwenye nondo, kwa hiyo nilichosikia ni vipande tu: "mwalimu," na "anaandika watu," na "hata kutoka nje hatoki." Karani hakuchungulia tena. Mabenchi yakaanza kuwa na nafasi. Na Kandida, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu nimjue, alikaanga kimya.

Mama Teddy, mke wa Desideri, alikuja siku ya mvua, mtoto mgongoni, khanga zimelowa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, lakini alipiga magoti mlangoni akaniamkia. "Shikamoo, mwalimu."

"Usiniamkie, dada. Inuka, kaa kitandani hapa."

Hakuinuka. "Nimekuja kuomba. Kama ni wale samaki, tutaleta wengine. Mrudishe tu. Na kama jina lake haliwezi kurudi, si neno. Nitamwita jingine."

Nilimwambia ni hadithi. Nilimwambia kwa sauti ya darasani, polepole, kama mpumbavu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Nimesoma mpaka la saba, mwalimu," akasema. "Najua hadithi ni hadithi. Lakini mume wangu hayupo." Kandida alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Nikamtazama, nikamngoja aseme. Maneno mawili tu: ni mimi. Akafuta mikono kwenye khanga yake akasema, "Mama Teddy, nikuletee chai?"

Baba Alfonsi alikuja baada yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema kwa kawaida, na alivua kofia kabla ya kuingia. "Mwalimu, mimi mambo haya siyaamini," akasema, akatazama hogo badala ya kunitazama mimi. "Lakini wapangaji wanaamini, na majirani wanaamini. Jumapili kabla ya misa uyachome makaratasi yako pale uani, watu waone, yaishe. Usipoyachoma, itabidi utafute pengine."

"Baba, nitatafuta kwa mguu gani?"

"Ndiyo maana nakuambia uchome."

Alipotoka nilimgeukia Kandida. "Sema ni wewe. Mimi sikumwandika Desideri. Hata jina lake silijui kuliandika."

"Nikisema ni mimi, nani atakula chakula changu? Wewe una mshahara wa serikali hata ukilala. Mimi nina haya masufuria." Alisema bila ukali, na hilo lilinichoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha akaharibu. "Choma tu, shoga yangu. Si zinatoka kichwani? Utaandika nyingine."

Nilimwambia nilishawahi kufanya hivyo mara moja na haikuwa kweli kwamba zinatoka nyingine. Nilimwambia sichomi. Nikayapanga makaratasi yote chini ya godoro, nikalala juu yake na hogo langu, nikamwambia yeyote anayeyataka anitoe kwanza mimi. Kwa siku zilizobaki za wiki ile aliniwekea sahani juu ya kigoda, wali na maharage, akatoka bila neno. Nilikula nikiwa nimegeukia ukuta. Nilikuwa naogopa sana. Naandika haya leo nikiwa na nyumba yangu na mlango wangu, na bado mwili unakumbuka hofu ya mtu asiyeweza kusimama anayesubiri Jumapili.

Jumamosi mchana pakazuka kelele barabarani, watu wanakimbia, sahani inaanguka. Halafu sauti ambayo ningeitambua popote: "Nani kanigeuza mimi mnyama?"

Alikuwa Desideri, ndevu zimeota, amekonda kuliko zamani, amewaka kwa hasira. Alikuwa ameenda na wenzake dago, kambi ya wavuvi ya mbali juu ya mto, maji yakawafungia njia. Baiskeli alikuwa ameiacha kwa rafiki yake wa pantoni amzibie pancha. Alipofika nyumbani watoto walikimbia. Penye pantoni watu wazima walitaka kumgusa magoti wahakikishe si ya mnyama. "Na mke wangu," akasema akiwa ameshika nondo za dirisha langu kwa mikono miwili, "mke wangu kafunga mlango! Kasema siingii mpaka mwalimu aseme mwenyewe kwamba nimerudi kuwa mtu. Kaja nyuma yangu kuhakikisha!"

"Wewe ni mtu, Desideri," nikamwambia. "Nenda nyumbani."

"Si hivyo. Vizuri! Kama nilivyoingizwa, nitolewe."

Watu wakakubali. Sauti zile zote nilizokuwa nazijua bila nyuso zikasema ndiyo, ni haki yake, atolewe vizuri. Vijana wa gereji wakaingia, wakanibeba juu ya kiti cha plastiki, wakaniweka chini ya turubai, na kwa mara ya kwanza nikawaona. Karani alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Mama Teddy alisimama pembeni mwa banda na mtoto mgongoni, hatazami mtu. Baba Alfonsi alikuja na kofia mkononi. Kandida akafungua mdomo aanze, nikamwambia, "Wewe nyamaza." Akanyamaza. Sijui kama amewahi kufanya hivyo tena maishani.

Sikuwa nimewahi kukaa mbele ya watu na hadithi yangu tangu siku ile ya chuoni. Nilianza kwa sauti ndogo, mtu akasema hasikii, nikaanza upya. Nikasema Limota alimkuta sheshe mmoja kwenye kisiwa cha nyasi, anayetafuna polepole na kunusa kila samaki anayepita. Akamuuliza jina, hakujua. Limota akaenda kwa Malkia Korongo kulidai, Malkia akacheka akasema nililodonoa nimemeza. Lakini ng'ambo alikuwapo mwanamke, amesimama ukingoni na mtoto mgongoni. Kila siku alikuja. Jina la mumewe lilikuwa limemtoka, hakuweza kulitaja, kwa hiyo alimwita kwa majina mengine. Alimwita kwa hasira, akamwita kwa utani, akamwita kama alivyomwita walipokuwa wachumba na wazazi hawajui. Na jina lile la mwisho Malkia hakuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia isipokuwa wao wawili. Sheshe akainua kichwa. Akasimama kwa miguu miwili, akaingia majini akavuka, na alipofika alikuwa na mikono.

Hakuna aliyekuwa anatafuna. Mama Teddy alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Desideri akaniuliza kwa sauti tofauti kabisa, "Aliniita jina gani?"

"Hilo ni lenu," nikamwambia. Mama Teddy akaja akamshika mkono, akaushika kwa muda, akiupapasa vidole, kisha wakaondoka kuelekea pantoni bila kuaga.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilikuwa miongoni mwa wateja wa Kandida. Karani akasema pale kwa Malkia palihitaji ugomvi kidogo. Baba Alfonsi akauliza kama Limota amebatizwa. Halafu akasema kumbe hadithi yenyewe haina ubaya, sasa nani alimwingiza yule bwana humo? Kandida akaweka mwiko chini. "Mimi," akasema. Nilishusha pumzi ya wiki nzima. "Mimi ndiye niliyemwingiza," akaongeza, akigeuka ili wote wamwone, "na kama si mimi, leo msingesikia mwisho mzuri namna hii." Nao wakampigia makofi. Wakampigia yeye! Nilirudishwa ndani kwenye kiti changu cha plastiki huku nyuma yangu akielezea jinsi alivyoipata fikra ile.

Hogo lilikatwa mvua zilipokwisha, mguu ukatoka mwembamba kama wa korongo, na nikaruhusiwa kurudi Chita. Kandida alinisindikiza stesheni, begi langu la makaratasi kwenye baiskeli, mimi kwenye magongo. Treni ya kuelekea Mlimba ilikuwa ifike asubuhi. Tukakaa kwenye benchi, tukala vitumbua. "Mwishowe Limota anampata mama yake?" akauliza.

"Utasoma kitabuni."

"Kitabu kipi?"

"Nitakachoandika."

"Sawa," akasema. Treni haikuja. Jua likapanda, abiria wakalala juu ya magunia yao, mtu wa stesheni akasema inakuja, kisha akasema haijulikani. Nikamwambia Kandida aende akapike, banda litakaa njaa. Akasema treni ije kwanza. Tulikaa mpaka kivuli cha benchi kikatukimbia, na sikuweza kuendelea kumficha. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba Limota anaacha jina lake mwenyewe mahali pa jina la mama yake, kwamba mama anarudi nyumbani na Limota anabaki mbugani na manyoya mekundu, na kwamba mama anaishi maisha yake yote bila kukumbuka aliwahi kuwa na binti. Alisikiliza mikono magotini. Hakunikatiza. Nilipomaliza akapenga kamasi kwenye khanga, akatazama reli.

"Hapana," akasema. "Hapo umekosea."

"Nimekosea nini?"

"Mama hawezi kusahau hivyo. Jina litaondoka, sura itaondoka. Lakini atakuwa anapakua chakula sahani mbili kila jioni, na hajui kwa nini."

Nikamwambia hadithi ni yangu. Akasema nani kabisha. Nikamwambia ameniharibia mwaka mzima, ameniingizia kambale na chura na mvuvi hai wa Lupiro, karibu nifukuzwe nikiwa na mguu mmoja, na sasa hata stesheni haniachi. Akasema yeye amesema sahani tu. Treni ilipofika tulikuwa bado tunabishana. Alinipandisha, akanipa begi dirishani, na jambo la mwisho nililosikia mabehewa yakivutwa ni yeye akimweleza mama mmoja aliyeshuka, kwa sauti kubwa, kwamba yule dada wa magongo ni mtu mzuri ila mbishi.

Chita nilikaa na mwisho ule wa hadithi wiki nyingi. Nilijaribu kumfanya mama akumbuke, nikafuta. Nilijaribu kumwacha kama nilivyokuwa nimemwacha, nikafuta. Kambale hayumo katika hadithi ile, wala chura, wala posa, na kila sentensi ni yangu. Ila kwenye ukurasa wa mwisho, kama ulivyochapwa, mama yake Limota ameketi jikoni na sahani mbili za wali, moja anaila, nyingine anaifunika. Sijawahi kumwambia Kandida. Atadai kitabu kizima.